Jani la Mgomba na Bawa la Ndege

Wajomba zangu, sogeeni. Leo anayesema ni jani la mgomba.

Jani huyu anaishi Machame, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, pembeni ya mfongo, ule mfereji wa maji. Chini yake kuna mibuni. Yeye ni jani jipya, refu, pana, halijachanika hata mahali pamoja. Ana maringo kidogo. Msimcheke. Nani asiye na maringo siku ya nguo mpya?

Kutoka pale juu Jani anaona mbali. Anaona tambarare ya Hai yote, mpaka kwenye uwanja wa ndege wa KIA, ule uliofunguliwa mwaka 1971 kati ya Moshi na Arusha. Anaona ndege zinakuja, kubwa kwa ndogo. Na kila ndege ikipita, Jani anatazama kitu kimoja tu. Anatazama bawa.

Siku moja akashindwa kujizuia. Akaita, "Wewe Bawa! Mbona unatikisika? Unaogopa?"

Bawa akajibu, "Na wewe Jani, mbona unatikisika?"

"Mimi ni jani. Upepo ukinijia, nacheza."

"Na mimi ni bawa. Upepo ukinijia, nacheza."

Hapo ndipo urafiki wao ulipoanzia. Upepo akawa anabeba maneno yao, huku na huku, maana anawafahamu wote wawili.

Sasa namwona mmoja wenu ananyanyua mkono. Uliza, mjomba.

"Mjomba, mimi nilipanda ndege kwenda Dar. Nikaona bawa linapanda na kushuka dirishani. Nikadhani linakatika. Lilikuwa linakatika?"

Kwanza nikusifu, kwa sababu ulitazama. Watu wazima wengi wakipanda ndege wanalala. Wewe ulitazama, ukaona, ukauliza. Halikuwa linakatika. Lilikuwa linafanya kazi yake.

Bawa hutengenezwa ili lipinde. Ndege ikiwa imesimama chini, ncha za mabawa zimeinama. Ikiwa angani, hewa inayabeba mabawa, na ncha zinapanda juu. Mnalijua lile dege kubwa la Air Tanzania lililofika nchini Julai 2018, Boeing 787, lenye jina la Kilimanjaro ubavuni? Kabla ndege za aina hiyo hazijaruhusiwa kubeba abiria, wahandisi kule Marekani walichukua moja ya majaribio. Wakaifunga chini. Wakayavuta mabawa yake juu kwa mashine, mwezi Machi 2010. Wakavuta mpaka ncha zikapanda karibu mita saba na nusu. Hiyo ni nyumba ya ghorofa mbili, mjomba! Mabawa hayakukatika. Na nguvu ile ilikuwa mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa ambao ndege ingetarajiwa kuupata maishani mwake.

Kwa hiyo bawa kupinda, sawa. Bawa kutikisika kidogo, sawa.

"Basi kwa nini ndege hurukaruka ikipita karibu na Mlima?"

Hiyo ni kazi ya Mlima wenyewe. Kilimanjaro una mita 5,895, na umesimama peke yake kwenye tambarare. Upepo ukifika hapo, hauwezi kupita katikati. Unapanda, unapita juu na pembeni, kisha unashuka upande wa pili ukiwa na mawimbi. Siku nyingine mnaona wingu bapa limekaa juu ya kilele cha Kibo, halisogei, ingawa upepo unavuma. Hilo wingu ndiyo alama ya wimbi. Ndege ikiingia kwenye hewa ya namna hiyo, inasukwasukwa. Rubani anawaambia mfunge mikanda. Bawa linapinda, linarudi. Linapinda, linarudi. Kila mara linapoyumba, hewa inalipinga na kulituliza. Upepo ndio uliolisukuma, na upepo huohuo ndio unaoutuliza mtikisiko wake.

Lakini kuna siku upepo unakataa kutuliza. Na hapa, wajomba zangu, ndipo penye shughuli.

Tafuta rula. Ilaze mezani, sehemu kubwa itokeze nje ya ukingo wa meza. Bana upande ulio mezani kwa kiganja, kisha ipige ncha kwa kidole. Inatikisika taratibu. Sasa ivute ndani, ibaki fupi. Ipige tena. Trrrr! Inatikisika haraka. Kila kitu kina mdundo wake. Rula ina wake. Jani ana wake. Bawa ana wake.

Tena Bawa ana midundo miwili mikubwa. Wa kwanza ni wa kupinda: juu, chini, juu, chini. Wa pili ni wa kujisokota: uso wa bawa unainuka, unainama, unainuka, unainama. Kwa kawaida, kujisokota ni kwa haraka kuliko kupinda. Kila mmoja anacheza ngoma yake, na upepo anawatuliza wote.

"Je, wakicheza pamoja?"

Umeniwahi! Hilo ndilo swali lenyewe.

Ndege inavyozidi kwenda mbio, upepo unavyozidi kulisukuma bawa, ile midundo miwili inaanza kubadilika. Inakaribiana. Wa haraka anapunguza, wa taratibu anaongeza. Ikifika kasi fulani, inakutana. Pinda, jisokote. Pinda, jisokote. Mdundo mmoja.

Tazameni kinachofuata. Bawa anapopanda, uso wake nao umeinuka. Uso ukiinuka, hewa inambeba zaidi. Kwa hiyo alikuwa anapanda, na sasa anasukumwa apande zaidi. Akianza kushuka, uso unainama, na hewa inamkandamiza. Alikuwa anashuka, na sasa anasukumwa ashuke zaidi. Kila mzunguko unaongeza nguvu kidogo. Pinda, jisokote. Kubwa zaidi. Pinda, jisokote. Kubwa zaidi tena. Upepo aliyekuwa anatuliza, sasa analisha.

Huo ndio mpapatiko. Unaweza kulivunja bawa kwa sekunde chache tu. Ule mtikisiko wa kupita karibu na Mlima hutoka nje. Mpapatiko hauhitaji hata dhoruba. Hewa inaweza kuwa shwari kabisa, na ndege ikajitikisa yenyewe kwa sababu ya kasi tu. Ndiyo maana nawaambia, wajomba, msiuogope ule mtikisiko wa Mlima unaomwaga chai ndani ya ndege, ingawa ndio unaopigiwa kelele. Wahandisi wanakosa usingizi kwa ajili ya huu mwingine.

Bawa alipomweleza Jani mambo haya, Jani alicheka.

"Kujisokota kunakusumbua? Mbona mimi kujisokota ndiko kunakoniokoa!"

Hakudanganya. Mnajua kikonyo cha jani la mgomba, ule mkono unaolishika kwenye shina? Mmewahi kukichezea. Kina mfereji juu, umbo lake limefumbuka. Kipinde kwenda chini, kinakataa, kigumu. Lakini kisokote. Kinasokoteka bila taabu. Ndivyo mgomba unavyoishi. Jani refu kuliko mtu mzima, ukilijumlisha na maji yake ni zito, na bado kikonyo kinalibeba lisianguke. Upepo mkali ukija kutoka ubavuni, kikonyo kinajisokota, jani linaugeuzia upepo mgongo, nao unapita.

"Fanya kama mimi," Jani akasema. "Upepo ukizidi, jisokote ugeuke."

"Nikifanya hivyo," Bawa akajibu, "abiria wangu hawafiki."

"Sasa wewe unafanyaje?"

"Mimi nimezibwa mfereji."

Chukueni karatasi ngumu, ya kalenda ya zamani inafaa. Ikunjeni iwe bomba, lakini msigundishe. Acheni mwanya wazi kwa urefu wote. Shikeni ncha mbili, mzisokote. Rahisi, sivyo? Huyo ni kikonyo cha mgomba. Sasa gundisheni ule mwanya, bomba lifunge kabisa. Sokoteni tena. Limekataa! Karatasi ni ileile, uzito ni uleule. Tofauti ni mwanya tu.

Ndani ya bawa la ndege kuna sanduku refu lililofungwa pande zote, kuanzia kwenye mwili wa ndege kuelekea nchani. Sanduku hilo linakubali kupinda, lakini kujisokota linakataa. Ule mdundo wa kujisokota unabaki wa haraka mno, mbali na mdundo wa kupinda. Kuwakutanisha hao wawili kunahitaji kasi ambayo ndege hiyo haitaifikia. Mimi naupenda ujanja huu kuliko mingine yote ya ndege, na kila nikipita kwenye migomba nakibinya kikonyo kimoja, hata mbele ya watu.

Elimu hii si ngeni hapa kwetu. Mwaka 1930 rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, aliruka juu ya Kibo na kupiga picha za kilele kutoka angani. Ndege yake ilikuwa Fokker yenye injini tatu. Bawa lake lilikuwa la mbao, nene, limefunikwa kwa plaiwudi, bila nyaya za kulishikilia kwa nje. Ile plaiwudi ilifanya kazi ileile ya kufunga bomba. Wazee waliokuwa vihambani mwaka ule, kama walitazama juu, waliona sanduku la mbao likipita kwenye anga ya Mlima.

"Mjomba, na kale kabawa kadogo kanakochezacheza nyuma ya bawa?"

Nani kaona hicho? Njoo nikupe mkono.

Nyuma ya bawa, karibu na ncha, kuna kibawa kilichofungwa kwa bawaba. Rubani akigeuza usukani, kibawa cha upande mmoja kinapanda, cha upande mwingine kinashuka, na ndege inalala upande. Ni kidogo, lakini kina fitina. Kama uzito wake wote uko nyuma ya bawaba, basi bawa likipanda ghafla, kibawa kinachelewa, kinabaki kinaning'inia chini. Kibawa kikining'inia, hewa inalibeba bawa zaidi. Bawa likishuka, kibawa kinabaki juu, na hewa inalikandamiza. Mnaona? Fitina ileile ya kulisha.

Dawa yake iligunduliwa zamani. Nchini Uholanzi, mwaka 1923, wataalamu wawili, von Baumhauer na Koning, walieleza tatizo hili baada ya kuchunguza ndege iliyopatwa nalo. Dawa ni kuongeza uzito mbele ya bawaba, wa risasi kwa mfano, mpaka kibawa kisawazike. Hapo bawa likipanda, kibawa kinapanda nalo, bila kuchelewa.

Sasa niwape siri ya karakana. Fundi akipaka rangi mpya kwenye kibawa cha ndege ndogo, kazi yake bado haijaisha. Lazima apime upya usawa wa kibawa. Rangi ina uzito! Koti moja la ziada nyuma ya bawaba, na risasi ya mbele haitoshi tena. Ndiyo maana pia mafundi hukishika kibawa kwa mkono na kukitikisa kabla ndege haijaruka. Wanasikiliza bawaba. Bawaba iliyolegea inakipa kibawa nafasi ya kucheza, na nafasi ndogo tu inatosha kuanzisha ngoma.

"Kuna ndege iliwahi kuvunjika kwa sababu ya mpapatiko?"

Zipo. Sitakuficha, maana umeuliza kama mtu mkubwa.

Ilikuwa Marekani. Kulikuwa na ndege mpya iliyoitwa Lockheed Electra, yenye injini nne na pangaboi nne. Ndege ya kifahari kwa wakati wake. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1959, moja ilivunjika angani katika jimbo la Texas, na watu 34 wakafa. Tarehe 17 Machi 1960 nyingine ikavunjika angani katika jimbo la Indiana, na watu 63 wakafa. Katika zote mbili, bawa lilitoka. Watu wakauliza, kwa nini? Bawa lilikuwa imara. Lilishapimwa.

Wahandisi wakaokota vipande na kuvipanga. Wakatengeneza ndege ndogo ya mfano na kuiweka kwenye handaki la upepo, njia kubwa inayopulizwa hewa kwa mashine. Na wakamkuta mchawi mahali ambapo hawakutarajia. Hakuwa ndani ya bawa. Alikuwa mbele yake, kwenye vyuma vinavyoishika injini.

Pangaboi likizunguka kwa kasi, ukilisukuma halikubali kwenda unakotaka. Linayumba kwa duara. Kama vyuma vya injini ni vigumu, kayumbo hako kanakufa papo hapo. Lakini vikidhoofika, injini inaanza kuyumba duara, duara, duara, na mwendo wa duara hilo unazidi kuwa wa taratibu kadiri linavyopanuka. Unashuka mpaka unakutana na mdundo wa bawa. Basi. Injini inacheza, bawa linacheza, upepo unalisha.

Ndege zote za aina hiyo zikaamriwa ziende polepole kwanza. Kisha zikarudishwa kiwandani, vyuma vya injini vikaongezwa nguvu, na mabawa pia. Electra ziliendelea kuruka miaka mingi baada ya hapo.

Mkienda KIA mtaona ndege za pangaboi zinatua, ATR na Dash 8. Nazo zina pangaboi kubwa mbele ya bawa. Jambo la Electra limo ndani ya hesabu zao tangu siku zilipochorwa. Sheria za nchi nyingi zinadai ndege kubwa ya abiria ionyeshe kwamba haitapapatika hata ikizidi, kwa asilimia 15, ile kasi ya juu kabisa iliyowekwa na wachoraji wake, kasi ambayo rubani wa ndege ya abiria hapaswi hata kuikaribia. Kwanza wanaitikisa ikiwa chini, wanaandika midundo yake yote. Halafu marubani wa majaribio wanaipeleka juu, wanaongeza kasi kidogo, wanaitikisa, wanapima kama mtikisiko unakufa upesi. Unakufa? Wanaongeza tena kidogo. Ni kazi ya watu wavumilivu, na mimi nisingeiweza.

Jani akauliza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwa jani. "Bawa, kule juu ya migomba, juu ya msitu, juu ya Kibo, mambo yakoje?"

Mgomba haujui kule. Kwenye Mlima, migomba inaishia karibu mita 1,800, ukizidi hapo baridi inaishinda.

"Kule hewa ni nyepesi," Bawa akasema. "Na inanidanganya."

Mjomba, saa ya kasi kwenye ndege inapima jinsi hewa inavyosukuma. Usawa wa kilele cha Kibo, hewa ina zaidi kidogo ya nusu tu ya uzito wa hewa ya pwani. Saa ikisema kilomita 300 kwa saa, ndege kwa kweli inakwenda karibu 400. Tena hewa nyepesi inatuliza mtikisiko kidogo kuliko hewa nzito. Kwa hiyo rubani hawezi kuangalia saa peke yake. Lazima ajue yuko juu kiasi gani, na kitabu cha ndege yake kimesema nini kuhusu urefu huo.

Huyu mdogo wa mwisho kabisa hajasema kitu tangu tuanze. Haya, mama, uliza.

"Na ndege wa manyoya? Wao hawapapatiki?"

Hilo, binti, ni swali la kitaalamu, na jibu lake litakufurahisha. Manyoya ya bawa nayo hupinda na kujisokota, na yakipata kasi inayotosha yanapapatika. Wako ndege wanaofanya hivyo kwa makusudi! Katika misitu ya Afrika Mashariki kuna ndege mdogo wa kahawia, kifua kina michirizi, mdomo wake mpana. Huruka kutoka kwenye tawi, anazunguka duara dogo hewani, anarudi palepale. Wakati wa mzunguko ule unasikia mlio mkali, brrrr, kama honi ya kuchezea. Ungedhani anaimba kwa koo. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha majibu: ni manyoya machache ya mabawa yake, yanapapatika kwenye upepo anaoutengeneza mwenyewe. Mlio husikika mbali msituni, jike anausikia, na dume mwingine anajua eneo lina mwenyewe.

Jani aliposikia hivyo akakaa kimya kidogo, halafu akasema kwamba ndege huyo anafaa kualikwa kihambani. Bawa akasema sawa, ila asije karibu na injini.